Jinsi ya kuandaa sherehe ya Nowruz darasani kwa watoto wa madarasa ya chini

Kila ikifika Februari walimu wenzangu huanza kuniuliza maswali yale yale. Nowruz ni ya dini gani? Ngano unaioteshaje bila kuoza? Vitu saba vya Waajemi utavipata wapi kwenye masoko yetu? Watoto hamsini unawapangaje wasikuvunjie darasa? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona afadhali niyaandike yote pamoja. Mimi nafundisha darasa la tatu Dar es Salaam, watoto 52, na sherehe hii nimeifanya mara nne. Mara ya kwanza iliharibika nusu, kwa hiyo makosa nitakayokutajia mengi niliyafanya mwenyewe.

Historia nitakupa kidogo tu. Nowruz maana yake ni "siku mpya". Ni mwaka mpya wa Waajemi, nao huingia siku ambayo mchana na usiku hulingana mwezi Machi, tarehe 20 au 21. Husherehekewa Iran, Afghanistan, Tajikistan, Azerbaijan, kwa Wakurdi na katika nchi nyingine za Asia ya Kati. Ilianza zamani sana, kabla ya Uislamu, na leo wanaisherehekea Waislamu, Wazoroasta (wafuasi wa dini ya kale ya Iran), Wabahai na Wayahudi wa Iran, kila mmoja nyumbani kwake, kwa meza inayofanana. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliitambua tarehe 21 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Nowruz. Kwa watoto wa miaka minane hayo yanatosha.

Utakavyohitaji

- Ngano nzima ya kula, nusu kilo. Ukiikosa, choroko zinafaa (Kenya wengi huziita ndengu).
- Sahani bapa saba, vitambaa saba vyepesi vya pamba, na chupa moja ya kunyunyizia maji.
- Kitenge au khanga safi ya kutandika mezani, kioo kidogo, mishumaa miwili, bakuli la maji na chungwa moja.
- Kitunguu saumu, tufaha (zile epo za wauza matunda), siki, sarafu, saa, na habasoda.
- Mayai 14, maganda makavu ya vitunguu maji, kalamu za nta.
- Karatasi nyekundu na za rangi ya chungwa, au vipande vya khanga kuukuu.
- Fimbo iliyonyooka ya mita moja, rula, ramani ya dunia.
- Ruhusa ya mwalimu mkuu. Hii itangulie kabla hujanunua hata punje ya ngano.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku, kisha hesabu kurudi nyuma. Lenga tarehe 20 au 21 Machi. Ikiangukia Jumamosi au Jumapili, fanya Ijumaa ya kabla au Jumatatu ya baada. Halafu angalia mambo mawili: likizo fupi ya shule, na Ramadhani. Ramadhani huhama kila mwaka, na kuna miaka hukutana na sherehe hii. Ikikutana, ondoa chakula chote kwenye ratiba na ubakize meza ya vitu saba, kupima kivuli cha jua na michezo. Usiwape wengine tende huku wenzao waliofunga wakiwatazama.

2. Waandikie wazazi. Barua iwe fupi na ijibu swali la dini mapema, kwa sababu ndilo litakaloulizwa. Yangu huwa hivi:

"Mzazi au mlezi mpendwa, tarehe fulani darasa letu litajifunza jinsi watu wa Iran na majirani zao wanavyoupokea mwaka mpya. Watoto wataotesha ngano, watapaka mayai rangi na kupima kivuli cha jua. Si ibada, na hakuna atakayetakiwa kusali au kuvaa vazi maalumu. Kama mwanao ana chakula kinachomdhuru, au una swali lolote, tafadhali niandikie nyuma ya karatasi hii."

Hiyo sentensi ya mwisho ina faida kubwa. Mwaka jana wazazi watatu waliandika, mmoja akanieleza kwamba binti yake hali mayai. Nisingejua.

3. Gawa darasa makundi saba. Hapa ndipo mpango wote ulipo. Kitovu cha Nowruz ni meza inayoitwa haft-sin. Haft ni saba, sin ni herufi ya S. Mezani huwekwa vitu saba ambavyo majina yake ya Kiajemi yanaanza na herufi hiyo. Kila kundi lipewe kitu kimoja: lilete, lijifunze jina lake, na siku ya sherehe lisimame kueleza maana yake. Makundi ya watoto saba au wanane yanatosha, na hakuna anayebaki mtazamaji.

Waajemi wenyewe hawana orodha moja. Wengine huweka samanu, ambao ni uji mzito wa ngano iliyochipua, wengine sumaki (kiungo kichachu), wengine tunda liitwalo senjed. Kwetu vyote vitatu ni shida kuvipata, kwa hiyo nimechagua vile ambavyo nao huviweka na sisi tunavyo:

- Sabzeh: majani mabichi ya ngano. Uhai mpya.
- Sir: kitunguu saumu. Afya.
- Sib: tufaha. Uzuri.
- Serkeh: siki. Subira.
- Sekkeh: sarafu. Riziki.
- Sa'at: saa. Wakati.
- Siyahdaneh: habasoda.

Soma tena orodha hiyo kwa Kiswahili. Siki, sarafu, saa na saumu vinaanza na S hata kwetu. Usiwaambie watoto, waache wagundue. Darasani kwangu huwa kuna mmoja anayeruka kwenye dawati akipiga kelele, "Mwalimu, hata sisi!" Na ukiichora herufi yenyewe ubaoni, س, watoto wanaokwenda madrasa wataitambua papo hapo. Waachie wao wawafundishe wenzao kuiandika. Mtoto ambaye kwenye hesabu huwa kimya, siku hiyo anageuka mwalimu.

4. Otesha ngano siku kumi kabla. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo wengi wanaposhindwa.

Siku ya kwanza, chambua ngano utoe mawe na punje zilizovunjika, ioshe, iloweke kwenye maji mengi usiku kucha. Asubuhi imwage maji, isuuze, igawe kwenye sahani saba. Itandaze iwe tabaka moja, punje zigusane bila kupandana. Funika kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Kitambaa kisidondoshe maji.

Kila asubuhi na kabla ya kwenda nyumbani, kundi linyunyizie sahani yake. Ukiinamisha sahani na maji yakakusanyika pembeni, yamezidi. Yamwage.

Siku ya pili au ya tatu utaona ncha nyeupe zimetokeza. Usiondoe kitambaa bado. Subiri mizizi ishikamane, ukiinua ukingo kwa kidole utandu wote uinuke kama mkeka. Hapo ondoa kitambaa, weka sahani karibu na dirisha, mbali na jua kali la mchana. Kwa joto la Dar es Salaam, siku ya saba hadi ya kumi majani yanafika urefu wa kidole. Mikoa ya baridi kama Njombe au Mbeya, anza siku nne au tano mapema zaidi. Choroko huwahi kuliko ngano lakini hulala haraka, kwa hiyo zianze siku sita tu kabla.

Majani yakisimama, yafunge katikati kwa utepe mwekundu. Kila kundi lina sahani yake, na moja itakayopendeza zaidi ndiyo itakaa katikati ya meza.

Onyo: usinunue mbegu za kupanda kutoka duka la pembejeo. Nyingi zimepakwa dawa. Mwaka wangu wa kwanza niliziloweka, maji yakageuka ya waridi, na watoto walikuwa tayari wamechovya mikono. Tuliosha mikono ya darasa zima kwa sabuni na nikatupa kila kitu. Nunua ngano ya kula, ile wanayokwenda kusaga.

5. Pakeni mayai rangi, siku mbili kabla. Tafuta mayai ya kienyeji, yale meupemeupe. Ya kisasa yenye ganda la kahawia hayashiki rangi vizuri. Yachemshe nyumbani dakika 12, yapoe, yakauke. Kwenye sufuria nyingine chemsha maganda ya vitunguu mikono miwili mikubwa kwa nusu saa, chuja, ongeza kijiko cha siki, acha rangi ipoe kabisa kabla ya kuipeleka darasani.

Watoto wachore kwanza kwa kalamu ya nta, kisha watumbukize yai kwenye rangi kwa muda wa kipindi kimoja. Palipopita nta hapashiki rangi. Yai hutoka jekundu la kutu, na samaki au ua aliyelichora mtoto anabaki mweupe. Mayai mawili kwa kundi yanatosha, mmoja anashika na mwenzake anachora. Ukitaka manjano, bizari ya manjano inafanya kazi ile ile.

6. Ruka moto ambao si moto. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, Wairani huwasha mioto midogo barabarani na kuiruka. Huuambia moto: "Zardi-ye man az to, sorkhi-ye to az man", yaani, umanjano wangu uwe wako, wekundu wako uwe wangu. Umanjano ni ugonjwa na uchovu, wekundu ni joto na nguvu.

Sisi hatuwashi chochote. Kata karatasi nyekundu na za chungwa ziwe ndimi, zipange chini uwanjani katika mafungu matatu, watoto wapange mstari na waruke mmoja mmoja wakisema maneno hayo. Wafundishe maneno siku iliyotangulia. Ile "kh" ya sorkhi ni kama ya "kheri", hawatapata tabu.

Usiku huohuo watoto wa kule hujifunika shuka na kupita nyumba kwa nyumba wakigonga vijiko kwenye mabakuli mpaka wapewe peremende au karanga. Hili nalo linafanyika shuleni vizuri sana: pitisheni mlio wa vijiko hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Mwarifu yeye na walimu wa madarasa ya jirani kabla, na usichague saa ambayo darasa la saba wana jaribio.

7. Pangeni meza asubuhi ya siku yenyewe. Tandika kitenge. Weka sabzeh katikati. Makundi mengine yaje moja moja, kila moja liweke kitu chake, litaje jina kwa Kiajemi, kisha Kiswahili, kisha maana. Sentensi tatu, basi. Ukiwaacha waseme zaidi, kundi la saba litazungumza na darasa lililokwisha kuchoka.

Halafu weka kioo, mayai, mishumaa, na bakuli la maji lenye chungwa linaloelea. Chungwa hilo ndilo dunia, linaelea angani. Mishumaa usiiwashe. Mezani huwekwa pia kitabu, na familia nyingi huchagua mashairi ya Hafez, mshairi wa Shiraz wa karne ya 14. Nami huweka kitabu cha mashairi ya Kiswahili na mtoto mmoja anasoma beti mbili.

Wafundishe salamu: "Nowruz mobarak." Wataisikia "mubaraka" ndani yake bila kuelezwa.

8. Pimeni kivuli. Iran mwaka hauingii saa sita za usiku. Unaingia dakika ileile ambayo jua linavuka ikweta, hata ikiwa ni alfajiri, na familia huamka zikae kuizunguka meza. Darasani hatuwezi kuisubiri dakika hiyo, lakini jua lenyewe tunaweza kuliona.

Simamisha fimbo ya mita moja wima uwanjani. Anzeni kupima saa sita mchana, mrudie kila dakika kumi, mkiweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Dar es Salaam kivuli kifupi kuliko vyote hutokea karibu saa sita na nusu, na kinakuwa kama sentimita 12, kikielekea kusini. Mwanza subirini mpaka inakaribia saa saba. Nairobi kinabaki kama sentimita 2, karibu mtoto anaweza kukifunika kwa dole gumba. Sasa waonyeshe Tehran kwenye ramani: fimbo hiyohiyo, siku hiyohiyo, kivuli chake cha adhuhuri ni takriban sentimita 72, na kinaelekea kaskazini. Chora urefu huo kwa chaki pembeni ya fimbo yenu. Ndipo wanapoelewa kwa nini kule kulikuwa na baridi mpaka miti ikapukutika, na kwa nini jani bichi ni jambo la kufanyiwa sherehe. Waulize mvua za kwanza za masika zinafanya nini kwenye nyasi za uwanja. Watakuelewa.

Kama una dakika tano zaidi, fanyeni hesabu. Baada ya Nowruz, chukua mwaka wetu utoe 621, utapata mwaka wa Iran. Machi 2026 uliingia mwaka 1405.

9. Chakula kiwe kidogo. Tende, vipande vya chungwa, na chai ya rangi, ambayo ndiyo chai ya Wairani pia. Chakula chao cha siku hiyo ni wali uliochanganywa na majani mabichi, pamoja na samaki. Kina mama wa Pwani wanaweza kuupika kwa majani ya giligilani na vitunguu vya majani, ila kwa watoto 52 sikushauri. Wakubwa kule huwapa watoto noti mpya, kama mkono wa Idi kwetu. Usitumie pesa. Mimi humpa kila mtoto bahasha ya karatasi yenye punje ishirini za ngano akaoteshe nyumbani.

10. Siku ya kumi na tatu, ipelekeni ngano nje. Mwisho wa Nowruz familia hutoka kwenda mashambani na kuitupa sabzeh kwenye maji yanayotiririka. Mfereji wa mvua wa shule hautafaa, utaziba. Fungua utepe, ipandeni kwenye bustani ya shule au iwaendee kuku wa mlinzi. Kabla ya hapo, kila mtoto afunge fundo kwenye majani mawili na kuomba jambo lake kimoyomoyo.

Makosa ya kuepuka

Usimpake mtoto yeyote masizi usoni. Ukitafuta picha za Nowruz utakutana na mchekeshaji wa mitaani aitwaye Haji Firuz, aliyevaa nguo nyekundu na kupaka uso mweusi. Hata Wairani wengi wanampinga siku hizi. Darasani kwetu hana nafasi.

Usiwavalishe watoto "kama Waajemi". Mtoto wa Tehran huvaa tu nguo mpya siku ya Nowruz, kama wetu wakati wa Krismasi au Idi. Nguo safi ya shule inatosha.

Usinunue samaki hai wa rangi kwa ajili ya meza. Anakufa baada ya siku chache, na watoto ndio watakaomkuta. Huko Iran kwenyewe wengi wameacha. Mchoreni kwenye yai.

Na usiiweke sherehe yote siku moja. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza na watoto wakakumbuka tende tu. Zile siku kumi za kuilinda ngano ndizo zinazoifanya siku yenyewe iwe yao.

Mambo yakienda kombo

*Ngano inanuka.* Maji yamezidi. Isuuze kwa upole, mwaga maji yote, iache saa chache bila kitambaa. Ikiwa utelezi umeingia, tupa sahani hiyo. Ndiyo maana tunaotesha saba.

*Kuna weupe kama pamba kwenye punje.* Angalia kwa makini. Ukiwa kwenye mzizi tu na ukipotea unapomwagiwa maji, ni vinyweleo vya mizizi, ni afya. Ukiwa umetanda juu ya punje na hauondoki, ni ukungu.

*Majani ni ya njano na marefu.* Hayapati mwanga. Sogeza dirishani, siku mbili yatakuwa kijani.

*Sisimizi au panya.* Kwa sisimizi, weka sahani juu ya kopo ndani ya beseni lenye maji kidogo. Kwa panya, sahani zilale ndani ya kabati lenye mlango, zitoke asubuhi.

*Mawingu siku ya kivuli.* Pimeni kesho yake au keshokutwa. Tofauti haifiki sentimita moja kwa siku.

*Mzazi analalamika kwamba unafundisha dini nyingine.* Mkaribishe shuleni, mwonyeshe ratiba na sahani za ngano. Asipokubali, mtoto wake apewe kazi ya fimbo na rula. Jua halina ubishi.

*Mtoto anauliza, "Kwa nini sisi hatuna sherehe kama hii?"* Swali hili huja kila mwaka, na nakuomba ulisubiri, usilijibu mapema. Sherehe iwe kwanza ya wenyewe. Likishaulizwa, mpeleke kwenye ramani, kidole kishuke mpaka kusini mwa Unguja, Makunduchi. Kule kila mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa, na jina lake jingine ni Nairuzi. Neno ni lile lile. Kalenda yake ya kale haikuwa na siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, ndiyo maana ikasogea taratibu kutoka Machi. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, wanawake huimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na mgeni hukaribishwa kula. Mwaka jana mvulana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono hapo: "Mwalimu, bibi yangu ni wa Makunduchi." Nikampa chaki aje atuonyeshe mahali penyewe.